Wamefika, Mbona Hawaingii? Hesabu za Moto wa Nyumba Msimu wa Sikukuu

Nyumba ikiungua mkesha wa Krismasi au usiku wa kuamkia mwaka mpya, malalamiko ya majirani huwa ni yale yale. Kwanza, zimamoto wamechelewa. Pili, walipofika wakaanza kuizunguka nyumba kama wakaguzi wa majengo badala ya kuingia. Tatu, walipoamua kufanya kazi walivunja madirisha yaliyokuwa mazima, wakatoboa paa, wakaangusha dari la chumba ambacho hakikuonyesha dalili ya moto. Na ukiwaambia walalamikaji kwamba watu hao hawana mshahara, kwamba muda mfupi uliopita walikuwa mezani na watoto wao, hakosi mtu wa kujibu: ndiyo maana.

Malalamiko haya matatu yana majibu matatu yasiyofanana. Moja lina ukweli mtupu. Mawili yanatokana na kutojua moto wa ndani ya nyumba unavyokwenda, na siwalaumu wenye kuyatoa, kwa sababu moto huo karibu kila hatua hufanya kinyume cha jinsi mtu anavyodhani.

Kwanza tuondoe dhana kwamba uzimamoto wa kujitolea ni kiraka cha serikali zisizo na fedha. Marekani, karibu wazimamoto 65 katika kila 100 ni wa kujitolea. Ujerumani idadi yao ni takriban milioni moja. Austria ina vikosi vya kulipwa katika miji sita tu. Kwingineko kote anayeshika mpira wa maji ni seremala, mwalimu, mkulima au karani wa benki. Chile imekwenda mbali kuliko wote, kwani nchi nzima, pamoja na mji mkuu wake, moto huzimwa na watu wasiolipwa. Na mji huo, Santiago, ulipata kikosi chake kwa sababu ya moto wa sikukuu. Tarehe 8 Desemba 1863, waumini walikuwa wamejaa katika Kanisa la Compañía kwa misa ya kufunga sherehe za Bikira Maria, ndani kukiwa na taa na mishumaa isiyohesabika na mapambo ya vitambaa kila upande. Moto ulishika mapambo, na watu zaidi ya 2,000 wakafa. Siku chache baadaye mtu mmoja, José Luis Claro, alitoa tangazo gazetini akiwaita vijana waanzishe kikosi, na tarehe 20 Desemba, moshi wa msiba ukiwa haujasahaulika, kikosi kikazinduliwa. Mpaka leo kipo, na mpaka leo ni cha kujitolea.

Sasa turudi kwenye lawama ya kwanza, ile ya kuchelewa. Hii ndiyo yenye ukweli.

Kikosi cha kulipwa kinalala kituoni. Simu ikiingia, watu wanavaa na gari linatoka ndani ya dakika moja na ushee. Kwa kikosi cha kujitolea saa huanzia mbali zaidi. Kifaa kinalia kiunoni, mtu anaacha alichokuwa nacho mkononi, anatafuta ufunguo wa gari, anaendesha hadi kituoni huku akitii taa za barabarani kama raia mwingine yeyote katika sehemu nyingi, anavaa suruali, buti, koti na kofia, kisha anangoja. Anamngoja nani? Mwenye ruhusa ya kuendesha gari kubwa, na wenzake watimie, kwa kuwa gari lililotoka na mtu mmoja ni gari lililopeleka maji tu. Kanuni ya Marekani inayohusu vikosi vya kujitolea, NFPA 1720, iliikubali tofauti hii bila aibu: mjini inataka watu 15 wawe kwenye tukio ndani ya dakika 9, lakini vijijini inaridhika na watu 6 ndani ya dakika 14, na hata hilo ikitimia mara 8 katika kila 10 inatosha.

Sikukuu inaivuruga hesabu hii kwa namna isiyotarajiwa. Wengi hudhani kwamba siku hizo kituo hubaki kitupu, na ni kweli kwamba wapo waliosafiri kwenda kwa wazazi na wapo waliokwisha kunywa, ambao kwa mujibu wa taratibu za vikosi wanatakiwa wabaki nyumbani hata kama roho inawauma. Ila saa ngumu zaidi kwa kikosi cha kujitolea mwaka mzima si usiku wa Krismasi. Ni Jumanne saa nne asubuhi, watu wakiwa makazini, pengine mji mwingine kabisa. Siku ya sikukuu wanaweza kufika kituoni wengi kuliko kawaida, na bado gari likakwama, kwa sababu katika hao wote hakuna dereva, au waliopo hawajafuzu kuvaa mtungi wa hewa. Idadi ya watu ni jambo moja na watu wenye sifa ni jambo jingine. Ndiyo maana vikosi makini huandika zamu za sikukuu wiki kadhaa kabla: fulani hatakunywa, fulani hatatoka mjini, madereva wawili watakuwa karibu na kituo. Kazi hiyo ya karatasi, ambayo hakuna anayeipigia makofi, huenda ikaokoa watu wengi kuliko ushujaa wa mlangoni.

Na moto nao haungoji. Watafiti wa Underwriters Laboratories nchini Marekani walijenga sebule mbili za ukubwa mmoja. Moja waliweka samani za zamani: mbao ngumu, pamba, vitambaa vya asili. Nyingine waliweka za kisasa: makochi ya sponji, zulia na mapazia ya nyuzi za plastiki. Katika kila sebule wakaweka mshumaa juu ya kochi. Sebule ya kisasa iliwaka yote kwa mpigo kabla ya dakika 5 kutimia. Ile ya zamani ilichukua karibu nusu saa.

Hapo kwenye kuwaka kwa mpigo ndipo mambo mengi yanapoelezeka, kwa hiyo tukae kidogo. Kochi likianza kuungua, moshi wa moto unapanda hadi darini na kutandaa. Hauna pa kwenda, unazidi kuwa mzito na kushuka. Moshi huo si taka ya moto. Ni gesi ambazo hazijamaliza kuungua, yaani ni kuni zinazoelea. Tabaka hilo linapokaribia nyuzi 600 za Selsiasi, linamwaga joto kuelekea chini kiasi kwamba meza, zulia, magazeti na kiti kilicho kona ya pili ya chumba, vitu ambavyo havijaguswa na mwali wowote, vinaanza kutoa mvuke wao na kushika moto karibu kwa wakati mmoja. Sekunde chache kabla, mtu aliyetambaa sakafuni angeweza kutoka hai. Sekunde chache baadaye, hata mzimamoto aliyevaa kila kitu hana muda wa maana humo ndani.

Weka sasa zile dakika 14 za kijijini kando ya hizi 5 za sebule ya kisasa. Chumba moto ulipoanzia kinaweza kuwa kimekwisha kabla gari halijawashwa, hata kama kila mtu kikosini alifanya kila kitu sawasawa. Lawama ya kuchelewa, basi, ni ya kweli na haina mwenyewe. Kama yupo wa kulaumiwa, mimi ningeanza na kochi.

Sikukuu huongeza kuni. Mti wa Krismasi halisi uliokauka, majaribio yameonyesha, unaweza kuujaza moto chumba kizima chini ya dakika moja, ilhali mti uliokuwa ukimwagiliwa maji kila siku ni vigumu hata kuuwasha. Taa za kumetameta huchomekwa kwenye ekstensheni moja iliyounganishwa na ekstensheni nyingine, zikalala chini ya zulia, na shoti ikitokea hakuna anayeona mpaka zulia litoe moshi. Mishumaa ni ile ile ya siku zote, ila Desemba huwa mingi na karibu na mapambo. Hata hivyo mhalifu mkuu ni jiko. Marekani, siku inayoongoza kwa moto wa mapishi majumbani ni Sikukuu ya Shukrani ya mwezi Novemba, na Krismasi huja nyuma yake. Mpishi ana sufuria nne, wageni wanagonga mlango, anatoka mara moja. Mafuta yanawaka, anarudi na jagi la maji. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke hutanuka hadi kama lita 1,700, na ikiwa imezama chini ya mafuta yanayowaka, mvuke huo unayarusha mafuta juu hadi darini yakiwa yanawaka. Mfuniko tu, na kuzima jiko, vingemaliza kazi.

Lawama ya pili: wamefika, mbona hawaingii?

Anayezunguka nyumba ni kamanda, na anachofanya kinachukua dakika moja au pungufu. Upande wa barabarani unaonyesha sehemu tu ya habari. Nyuma huenda kuna mtu dirishani anapunga mkono, huenda kuna mtungi wa gesi, huenda moto uko ghorofa ya chini na sakafu ya mbele ambayo wangeipitia iko karibu kuporomoka. Wakati huohuo anausoma moshi. Mweupe unaotoka kivivu una maana yake. Mweusi, mnene, unaotoka kwa nguvu na kujikunjakunja unamwambia kwamba chumba kiko karibu kuwaka chote. Na upo unaotisha kuliko huo: madirisha yamekuwa meusi kwa masizi, hakuna mwali unaoonekana, na kwenye upenyo wa juu wa mlango moshi unatoka kidogo kisha unavutwa kurudi ndani, unatoka tena, unavutwa tena. Kwa mtazamaji nyumba hiyo inaonekana karibu imezimika yenyewe. Kwa kamanda ni nyumba yenye joto na kuni za kutosha inayongoja hewa tu, na atakayefungua mlango huo bila maji mkononi ataupa moto kilichobaki.

Halafu kuna hesabu ya watu. Sheria ya usalama kazini ya Marekani inasema wawili wakiingia katika mazingira hayo, wawili wawe nje wamevaa tayari kuwafuata. Nchi nyingine zina utaratibu unaofanana na huo. Sasa gari la kwanza limekuja na watu wanne. Mmoja anaendesha pampu na hawezi kuondoka. Mmoja ni kamanda. Wamebaki wawili. Wakiingia wao, nani wa kuwatoa wakikwama? Kwa hiyo wanasimama, wamevaa, wamenyoosha mpira, wakilisubiri gari la pili, na simu za watazamaji zinawarekodi wakiwa wamesimama. Kuna msamaha mmoja muhimu: ikijulikana kwamba mtu yumo ndani na anaweza kuokolewa, wataingia bila kungoja idadi itimie.

Hesabu ya maji nayo ni kali. Magari mengi ya kwanza hubeba lita 2,000 hadi 4,000. Mpira mmoja wa kushambulia moto wa nyumba hutumia lita 400 kwa dakika, pengine zaidi. Gari la lita 2,000 lina dakika 5 za mpira mmoja. Mjini wanaunganisha kwenye bomba la barabarani na habari inaisha. Kijijini inabidi magari ya maji yapokezane kwenda mtoni au bwawani, na kuingia ndani bila kujua maji yanayofuata yako wapi ni kamari. Hewa ndiyo hesabu ya mwisho: mtungi wa kawaida wa Ulaya wa lita 6.8, uliojazwa kwa shinikizo la bar 300, una kama lita 2,000 za hewa. Mtu aliyebeba mzigo wa zaidi ya kilo 20, anayetambaa gizani na kuvuta mpira uliojaa maji, anaweza kuzimaliza ndani ya nusu saa au pungufu. Shinikizo likishuka hadi karibu bar 55 filimbi inalia begani, na wakati huo alipaswa kuwa tayari njiani kutoka.

Utakuta pia wanapiga maji kutoka nje kupitia dirisha linalotoa moto, na mitaani hilo huitwa woga. Zamani hata wazimamoto wenyewe waliliogopa, wakiamini kwamba maji ya nje yanausukuma moto kuelekea kwa watu waliomo ndani. Majaribio ya miaka ya karibuni katika nyumba halisi yaliivunja imani hiyo: maji yaliyonyooka, yakilengwa darini kwa sekunde kadhaa, yanashusha joto la nyumba nzima na kuwapa nafasi hata walionaswa vyumba vya mbali. Baada ya hapo ndipo timu inaingia kumalizia.

Lawama ya tatu: madirisha, je? Moto wa ndani ya nyumba ya leo mara nyingi una kuni nyingi kuliko hewa. Kinachoupunguza kasi ni uhaba wa hewa. Kila dirisha linalovunjwa, kila mlango unaoachwa wazi na aliyekimbia, ni pumzi mpya, na ndani ya dakika chache chumba kilichokuwa kinatoa moshi tu kinaweza kuwa tanuri. Jirani anayevunja kioo cha nyuma ili "moshi utoke" anasaidia upande usiostahili. Mzimamoto anayevunja kioo hicho hicho anafanya hivyo maji yakiwa yamefika, ili joto na mvuke vitoke upande mmoja huku wenzake wakiingilia mwingine, na ndiyo sababu hutobolewa paa pia. Tendo ni moja. Kinachotofautisha ni maji na muda. Nakiri kwamba kutoka ng'ambo ya barabara huwezi kuiona tofauti hiyo.

Kuangushwa kwa dari la chumba kizima huja baadaye, moto ukiwa umeonekana kuzimwa, na ndiko kunakowauma wenye nyumba kuliko yote. Moto hupita mahali pasipoonekana: juu ya dari, ndani ya kuta zenye uwazi, kando ya mabomba na nyaya. Kamera ya kuonyesha joto husaidia, lakini kaa lililofunikwa na sponji ya kuzuia baridi linaweza kujificha mbele ya kamera hiyo. Wanachimba mpaka waone mbao safi. Wasipochimba, gari litaitwa tena alfajiri, na mara hii nyumba haitakuwa na mtu wa kuuona moto mapema.

Watazamaji hutawanyika saa hiyo. Kikosi bado kina kazi. Mipira inasafishwa na kuanikwa, mitungi inajazwa, nguo zilizokunywa masizi yenye sumu hufungwa kwenye mifuko zisiende nyumbani na mtu, gari linajazwa maji. Mpaka hayo yaishe, kituo hakina uwezo wa kupokea simu nyingine kikamilifu. Na mwili nao una deni lake: nchini Marekani, kwa miaka mingi sababu kubwa ya vifo vya wazimamoto kazini imekuwa moyo, mbele ya moto na kuporomokewa na paa. Mtu wa miaka hamsini na kitu ametoka kwenye kiti baada ya mlo mzito, mapigo ya moyo yamepanda ghafla, amebeba mzigo kwenye joto kali. Ukiongeza kwamba katika mji mdogo nyumba inayoungua huenda ni ya binamu yake au ya mwalimu wa mtoto wake, utaelewa kwa nini vikosi vingi siku hizi vina mtu wa kuzungumza nao baada ya tukio baya.

Kwa mwenye nyumba, yanayofaa ni machache. Kengele ya moshi yenye betri hai huwapa watu wale dakika chache ambazo kikosi hakiwezi kuwapa. Mlango wa chumba cha kulala ukifungwa usiku, chumba hicho kinaweza kubaki na hewa ya kuvutika huku korido ikiwa haipitiki. Katika majaribio, pande mbili za mlango mmoja wa kawaida wa mbao zimepimwa zikitofautiana kwa mamia ya nyuzi joto. Magari ya wageni yasiegeshwe pande zote mbili za njia nyembamba, kwani gari la zimamoto lina upana wa kama mita 2.5 na mipira yake lazima ipite mahali.

Na kuna jambo la sikukuu peke yake: wageni waliolala. Siku ya kawaida mama mwenye nyumba anajua waliomo. Usiku wa sikukuu kuna binamu walioongezeka saa nne, watoto waliohamishiwa sebuleni, rafiki wa mtoto mkubwa ambaye huenda aliondoka, huenda hakuondoka. Kamanda akishuka garini swali lake la kwanza ni kama wote wametoka. Ukimjibu "nadhani", itabidi atume watu wawili wapekue kila kitanda, kila kabati na nyuma ya kila mlango, kwa hewa ile ile ya dakika zisizofika thelathini, huku paa likiwaka juu yao. Kabla ya kulala, hesabuni waliobaki, na kubalianeni mahali pa kukutana nje, mtini au getini kwa jirani, ili jibu la kumpa kamanda liwe idadi.